Sare Iliyopigwa Pasi

Muuza mkaa wa mlango wa pili anasema waliokuja kumchukua Dobi walikuwa arobaini. Anasema walishuka kwenye magari matano, wengine wakapanda juu ya bati, na mmoja akatoka uani amebeba kitu kizito kimefungwa kwenye blanketi, anatembea nacho polepole kama mtu aliyebeba trei ya mayai. "Bomu," anasema, halafu anashusha sauti na kutazama pembeni. "Lilikuwa ndani ya pipa la sabuni. Na sisi tunapita hapo kila siku na watoto wetu!" Kila akisimulia, wanaume wanaongezeka, na siku hizi kuna mbwa pia.

Ukweli ni kwamba walikuwa sita, na gari moja. Waliingia saa kumi na mbili asubuhi, Dobi akiwa amechuchumaa uani anapuliza mkaa ili ushike. Kitu kilichofungwa kwenye blanketi ilikuwa pasi yake, ile nzito ya mkaa yenye mpini wa mbao uliopasuka. Ilikuwa ya moto, ndiyo maana yule kijana aliibeba kwa adabu vile. Dobi mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Ishike kwa kitambaa, utaungua," na kijana akasema asante kabla hajakumbuka amekuja kufanya nini.

Walichokuja kukitafuta hawakupata taabu kukiona. Kilikuwa kinaning'inia ndani, kwenye kamba ya juu, kimefunikwa nailoni: shati la jeshi na suruali yake, vimepigwa pasi, mikunjo imesimama.

Siku kumi na tisa kabla ya hapo, watu waliovaa sare za jeshi walilipua stendi ya mabasi. Serikali ikatoa tangazo: yeyote mwenye sare ya jeshi na si askari aisalimishe ndani ya siku saba. Dobi alilisikia tangazo hilo akiwa anasuuza mashuka. Alikausha mikono, akaikunja ile sare vizuri, akaiweka kwenye mfuko wa karatasi, akaipeleka. Ila hakuipeleka kituo cha polisi. Aliipeleka kambini, kwa sababu mwenye nguo alikuwa mtu wa kambini, na Dobi hajawahi kumkabidhi mtu nguo ya mtu mwingine. Askari wa getini alicheka mpaka akaegemea kizuizi. "Mzee, hapa ni kambi au duka la nguo? Rudi nayo nyumbani. Mwenyewe akirudi atakuja." Dobi akaomba aandikwe kwenye daftari la geti kwamba alifika. Akaambiwa wino umeisha.

Akarudi nayo. Akaona imejikunja njiani, akaipiga pasi upya.

*

Siku ya nne ndipo mke wa Dobi alipojua mume wake yuko kituo gani. Hakuna aliyemwambia. Alifundishwa na wanawake waliokuwa wanakaa kwenye ukingo wa ukuta nje ya kituo kikubwa, kila mmoja na mfuko wake.

"Ukifika kaunta, shoga, usiulize kama yupo," mmoja wao alimwambia, mama mnene aliyekuwa na siku kumi na moja pale ukutani. "Ukiuliza, hayupo. Wewe toa nguo safi, taja jina, nyamaza. Wakizipokea, yupo. Wakikurudishia chafu, yu hai."

"Na wasipozipokea?"

"Unajaribu kituo kingine."

Walizipokea. Kesho yake akarudishiwa chafu ndani ya mfuko uleule, na akaenda nazo pembeni, chini ya dirisha la choo, akazitandaza kwenye mapaja. Yeye amefua nguo za watu tangu ana miaka kumi na saba, na nguo chafu haimfichi kitu. Damu hakuna. Magotini kuna vumbi la saruji lililoingia mpaka ndani ya nyuzi, kwa hiyo wanapigishwa magoti, na muda mrefu. Kiuno kimekunjwa na kufungwa fundo, maana yake mkanda walimnyang'anya na mwili umepungua. Mikono ya shati ilikuwa mikavu na migumu kwenye viwiko, kwa vumbi lilelile. Hapo alifikiri kidogo, akaelewa kuwa analala chali kwenye sakafu bila kitu, ameweka mikono chini ya kichwa. Akakunja zile nguo, akaenda kusimama kwenye mstari wa wanaotaka kumwona mpelelezi.

Alisimama kuanzia saa mbili mpaka saa nane. Mara mbili alitolewa kwenye mstari ili askari mmoja afagie, na mara mbili akakuta nafasi yake imechukuliwa.

Mpelelezi alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu, shati lake la mikono mifupi limefungwa vifungo kwa kuruka kimoja. Mke wa Dobi alikiona kile kifungo kabla ya kuona kitu kingine chochote, na ikamwia vigumu kuacha kukitazama.

"Kaa. Wewe ni wa nani?"

"Wa dobi, afande."

"Yule wa sare." Akavuta faili moja kutoka katikati ya rundo, rundo likainama, akalizuia kwa kiwiko. "Haya, niambie. Dobi anakaa na sare ya jeshi miezi minane kwa nini?"

"Mwenyewe hajaja kuichukua."

"Nguo ikikaa miezi minane kwenu mnaifanyaje?"

"Tunaisubiri mwenyewe."

"Mnaisubiri." Akaandika. "Na wakati mnaisubiri, mnaipiga pasi? Maana vijana wangu wanasema ilikuwa imenyooka kama ya gwaride. Nguo ya mtu asiyekuja inapigwa pasi iende wapi?"

"Ikikaa bila kuguswa inaota ukungu, afande. Kila mwisho wa mwezi anazishusha zote, anazianika, anazipiga pasi, anazirudisha kwenye kamba. Siyo hiyo peke yake."

"Zote zipi?"

"Ambazo wenyewe hawajarudi."

Mpelelezi akaacha kuandika. Akamtazama, kisha akatazama dirishani. "Hii alama ya uzi wa kijani kwenye kola," akasema. "Wakubwa wanataka kujua ni alama ya kundi gani."

"Ni ya kwetu hiyo. Kila mteja ana rangi yake, tunamshonea nyuma ya kola ili nguo zisichanganyike. Mwalimu mkuu ni mwekundu. Nesi ni bluu. Kijani ni Koplo."

"Na Koplo mwenyewe yuko wapi?"

"Si ninyi ndio mnajua, afande? Alikuja jioni, akaleta sare na shati lake la kuvalia nyumbani, akasema atazipitia Alhamisi. Alhamisi hiyohiyo malori yakaondoka kwenda huko kwenye vita. Hakuja."

"Nilipiga simu kambini," mpelelezi akasema. Alifungua faili akasoma taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya daktari. "Wamenijibu hawathibitishi wala hawakanushi kuwa na askari wa jina hilo katika operesheni hiyo."

"Maana yake nini?"

"Maana yake nimeandika hivyo." Akafumba macho, akayasugua kwa dole gumba. "Sikiliza, mama. Nina watu mia mbili na kumi na wanne humu ndani. Humo wapo, naamini, watatu au wanne wanaojua habari ya ile stendi. Lakini juu wanataka idadi, kila jioni wananipigia simu wanaulizia idadi. Jumatatu mabasi yanakuja yanawabeba wote kwenda gereza la mbali. Wakishafika kule si watu wangu tena. Sheria mpya inaruhusu siku tisini bila kupelekwa mahakamani, na tisini zikiisha wanaanza kuhesabu upya kutoka moja."

Mke wa Dobi akashika ukingo wa meza.

"Niletee mwenye sare," mpelelezi akasema. "Humpati, najua. Basi niletee ndugu yake wa damu, na kitambulisho, aje aseme hapa mbele yangu, hii ni ya mtoto wangu, aliipeleka kufuliwa. Nitaandika karatasi, mumeo atatoka siku hiyohiyo. Jumamosi niko hapa mpaka saa sita mchana. Jumapili sipo."

"Na pasi yetu?"

"Pasi ni kielelezo."

"Afande, ile pasi ndiyo kazi."

"Nimesema ni kielelezo."

Mke wa Dobi akasimama, akafika mlangoni, akageuka. Hakuweza kujizuia. "Afande, umeruka kifungo."

Mpelelezi akajitazama kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu mwanamke huyu aingie, alionekana kuona aibu.

*

Nyumbani, wateja walikuwa wanakuja kuchukua nguo zao. Hawakupiga hodi kama zamani. Walikuja wakiwa wamefunga kilemba mpaka kwenye macho, au walituma watoto, na wengine walichukua hata zilizokuwa bado mbichi, zinachuruzika maji mpaka barabarani. Nesi alichukua makoti yake meupe kwenye kamba mwenyewe, akang'oa na vibanio akaviweka mfukoni bila kujua.

"Siyo kwamba namfikiria vibaya," alisema, macho kwenye ndoo. "Ila unajua kazi yangu ni ya serikali."

"Najua," mke wa Dobi akasema. "Mkono wa kushoto una doa la dawa, sijalimaliza. Loweka kwenye maji ya baridi, usitie ya moto, litaganda."

Muuza mkaa naye alikuja, akasimama nje ya uzio, hakuingia. "Jirani," akaita kwa sauti ndogo ambayo hajawahi kuitumia. "Wakikuuliza mkaa mnanunua wapi, sema sokoni."

"Tunanunua kwako."

"Ndiyo maana nakwambia useme sokoni."

Mama mkwe wake, mzazi wa Dobi, ambaye miguu imemgomea mwaka wa tatu sasa, alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya kamba ya juu, redio mapajani. Chumba kile kilikuwa kimoja, pazia katikati, na upande wa mbele ndio wa kazi: meza ya kupigia pasi yenye blanketi lililoungua alama tano za kitako cha pasi, kopo la maji ya kunyunyizia, bakuli la nyuzi za rangi. Bila pasi, meza ile ilionekana kama kitanda cha mtu aliyehama.

Kwenye redio msemaji wa jeshi alikuwa anahojiwa. Alikuwa na sauti ya mtu aliyelala vizuri. Operesheni, alisema, ile iliyoahidiwa kumalizika kwa wiki sita na sasa iko mwaka wa pili, inakwenda kama ilivyopangwa. Adui amedhoofika sana, na stendi ililipuliwa kwa sababu amedhoofika. Kuhusu vifo, alisema, hakuna askari wetu aliyepoteza maisha katika kipindi hiki, na wananchi wapuuze uvumi. Halafu akataja idadi ya washukiwa waliokamatwa: mia mbili na kumi na wanne.

"Mwanangu ni wa ngapi hapo?" mama mkwe akauliza.

"Mama, zima hiyo redio."

Mama mkwe hakuizima. Aliinua uso akatazama kamba ya juu. Kabla ya vita ilikuwa na nguo za mtu mmoja au wawili, wasahaulifu, watu waliohama mji. Mwaka wa kwanza ikawa mifuko mitatu ya nailoni. Sasa ilikuwa tisa, baada ya kuchukuliwa ule wa sare. Zote za vijana wa kambini, zote nguo za kiraia: jinzi, fulana za mpira, suti moja ya harusi ambayo mwenyewe alisema akirudi ndipo ataoa.

"Wanasema hawafi," mama mkwe akasema. "Basi mbona hawaji kuchukua nguo?"

Mke wa Dobi alipanda juu ya kigoda. Shati la Koplo lilikuwa la tatu kutoka mwisho. Wale sita walichukua sare tu, hawakujua kuwa mzigo ulikuwa na vipande vitatu. Lilikuwa shati la samawati lenye mistari myembamba. Akaligeuza kola. Uzi wa kijani, mishono minne, wa mkono wake mwenyewe.

"Koplo alikuwa anaongea sana," akasema. "Unakumbuka? Akija anakaa hapo mlangoni mpaka mtu aombe kazi iende. Alisema mama yake anagonga kengele shuleni."

"Shule zipo ngapi mji huu?"

"Yenye tangi la maji jekundu. Alisema walikuwa wanapanda juu ya tangi wanachapwa."

"Na mimi nitakaa na nani?"

"Utakaa na redio yako."

Mama mkwe akacheka kidogo bila kutaka, kisha akaanza kulia, kisha akapangusa uso kwa ncha ya kanga na kusema aende, aende haraka, kesho ni Ijumaa.

*

Shule yenye tangi jekundu ilikuwa ya tatu kufikiwa. Mama wa Koplo alikuwa kwenye chumba kidogo kando ya ofisi ya walimu, chumba cha mafagio, amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi kilichovunjika egemeo. Ukutani kulikuwa na saa kubwa na chini yake ratiba ya vipindi imeandikwa kwa mkono. Kengele yenyewe ilikuwa nje ya mlango, rimu ya gari inayoning'inia kwa mnyororo, na nondo yake alikuwa ameilaza mapajani. Watoto walimwita Mama Kengele, na walimu pia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzazi wa darasa la ngapi?"

"Si mzazi wa hapa. Mimi ni mke wa dobi. Yule anayemfulia mwanao."

Mama Kengele aliinua uso kutoka kwenye nondo. Alitazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na mbili kipindi kiishe.

Mke wa Dobi akasimulia. Alisimulia vibaya, akianza na pasi, akarudi kwenye tangazo, akaruka kwenye Jumatatu na yale mabasi. Mama Kengele alimsikiliza bila kumkatiza, anasugua kutu ya nondo kwa kidole. Alipomaliza, mama akainuka, akafunga mlango, akakaa tena.

"Walikuja wawili," akasema. "Mwezi wa tano. Wamevaa kiraia, wana adabu, wakavua viatu mlangoni. Wakasema mwanao yuko kazini, mahali ambapo simu hairuhusiwi. Wakasema ukiulizwa na mtu, gazeti au jirani au yeyote, sema yuko kazini. Nikawauliza atarudi lini. Wakasema mama, ukiuliza sana unawapa adui faida."

"Na barua?"

"Hakuna barua. Mshahara wake unaingia. Kila tarehe ishirini na nane naenda benki kuuliza, yule binti wa dirishani amenizoea. Nikifika tu ananitikisia kichwa." Akaonyesha jinsi binti anavyotikisa kichwa. "Sizitoi zile hela. Sijatoa hata siku moja. Nataka kuona tu zimeingia."

"Mama, mimi sitaki useme chochote kuhusu vita. Useme tu sare ni yake."

"Wataniuliza yuko wapi."

"Utasema yuko kazini. Kama walivyokwambia."

"Yule mpelelezi wako atawapigia simu tena. Atawaambia mama wa mtu amekuja, ana kitambulisho, yupo hapa mbele yangu. Safari hii hawatasema hawathibitishi. Itabidi wafungue faili lake." Aliongea bila hasira, kama mtu ambaye ameshayatembea maneno hayo mara nyingi peke yake. "Wakifungua faili, binti yangu, wataandika tarehe. Na mimi sitaki tarehe."

Nje, darasa fulani lilikuwa linaimba jedwali la saba. Mke wa Dobi alikuwa na maneno aliyoyaandaa njiani, kuhusu mama mkwe wake asiyetembea, kuhusu magoti yenye saruji, kuhusu siku tisini zinazohesabiwa upya. Yalikuwa maneno mazuri. Aliona kuwa yote yangemuumiza huyu mama, na hakuna hata moja ambalo lingekuwa uongo. Badala ya kuyasema, akafungua mfuko akatoa shati la samawati.

"Hili nalo ni lake," akasema. "Wao hawakulichukua. Nilisema nikuletee, maana si letu."

Mama Kengele aliweka nondo chini. Alilipokea shati kwa mikono miwili. Alilitazama kwa mbele na kwa nyuma, akagusa ule uzi wa kijani, kisha bila kuona haya mbele ya mgeni akalipeleka usoni na kuvuta pumzi ndefu. Akabaki hivyo. Akalishusha, akageuza upande wa kwapa, akavuta tena.

"Mlilifua," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Lote?"

"Lote. Na kila mwisho wa mwezi tunali..." Mke wa Dobi akanyamaza. Mwaka wa tisa huu anafua nguo za watu, na mpaka dakika ile hajawahi kuona vibaya kwamba nguo imetakata. "Mume wangu anaogopa ukungu," akamalizia.

"Ni fundi mzuri," mama akasema. "Limenyooka."

Saa ya ukutani ilikuwa imepita dakika ya kumaliza kipindi, kisha ikapita nyingine. Madarasani kelele zilianza kupanda. Mlango ukafunguliwa kidogo, mwalimu mmoja akachungulia, akanyooshea saa kidole, akamwona mgeni, akaona shati, akaufunga taratibu.

"Kesho, mama," mke wa Dobi akasema. "Saa mbili asubuhi. Nitakusubiri getini pale kituoni, upande wenye ukuta mfupi. Hutasimama kwenye mstari, nitakuwa nimeshakushikia nafasi tangu alfajiri. Utakuja?"

Mama Kengele alikuwa ameliweka shati mapajani, pale nondo ilipokuwa. Alianza kufungua vifungo, kutoka juu, kimoja baada ya kingine, polepole, kama mtu anayejiandaa kumvisha mtoto.

"Mama? Utakuja?"